Tairi za Matope, Tairi za Lami

Tarehe kumi na nne mwezi wa tano, saa tisa na robo alasiri, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa ameketi kando yangu ndani ya pikapu. Injini ilikuwa inanguruma na tairi za nyuma zilikuwa zinazunguka, lakini hatukuwa tunaenda popote.

Alikuwa na pumu, na siku hiyo dawa yake ya kuvuta ilikataa kumsaidia. Kutoka kwangu, huko juu ya Bahati, nje ya mji wa Nakuru, mpaka kwenye lami ni kilomita nne za udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi jembamba linaloingia hata kwenye kabati. Mvua ikinyesha, ni utelezi ambao hata ng'ombe huukanyaga kwa kufikiria. Chini ya mteremko kuna kalvati, bomba la zege linalopitisha maji chini ya njia, na baada ya kalvati kuna mwinuko mfupi. Hapo ndipo tulipokwama. Majirani walisukuma mpaka wakajaa matope usoni. Trekta ilipofika nilikuwa nimeshazima injini.

Kwa miezi tisa nililaumu tairi. Zilikuwa tairi za lami, laini, na ni mimi niliyezichagua, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kupeleka viazi mjini. Watu wakiniambia ni mapenzi ya Mungu nilitikisa kichwa kukubali, lakini moyoni nilisema ni tairi. Ilinisaidia kuwa na kitu cha kulaumu kinachofunguka kwa spana.

Kisha binti yetu, mtoto wa pekee, akaja nyumbani mwezi wa pili akiwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Mume wake anafanya kazi mbali, na yeye alikuwa akikaa peke yake kwenye chumba walichopanga kule Lanet. Siku zake za kujifungua ziliangukia mwisho wa mwezi wa nne, katikati ya mvua. Lanet ni karibu na hospitali, na lami inafika karibu na mlango. Baba mwenye akili angemwambia arudi huko. Mimi sikumwambia. Nyumba ilikuwa imenyamaza sana, naye alikuwa ameanza kuimba jikoni.

Kwa hiyo nilienda kutafuta tairi.

Muuzaji alikuwa mama wa umri wangu, amevaa ovaroli ya bluu, duka lake likiwa kwenye gereji za mjini Nakuru. Binti yangu tulienda naye kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake hata saa moja. Aliketi juu ya rundo la tairi kuukuu akala njugu.

"Pikapu inabeba nini?" mama aliuliza.

"Viazi," nikasema. "Na huyu."

Akamtazama binti yangu. "Huyu naona amebeba kuliko pikapu."

Alitoa tairi tatu, akaziviringisha moja moja mpaka miguuni pangu. Ya kwanza ilikuwa ya lami, yenye mistari mirefu myembamba kama ile niliyokuwa nayo. Ya pili ilikuwa ya matope, yenye meno makubwa kama matofali. Nilipoiona nikaweka mkono juu yake na sikutaka kuutoa.

"Hiyo kwa matope inakula," alisema. "Lakini lami ikiwa na maji, ukanyage breki, mzee wangu, wewe teleza tu ukisalimia watu."

Tairi ya tatu ilikuwa katikati, ya kila msimu, yenye meno ya wastani na mistari ya kutoa maji. Nilimuuliza kama kwa matope ni nzuri kama ile ya meno. Akasema hapana. Nikamuuliza kama kwa lami ni nzuri kama ile laini. Akasema hapana.

"Sasa ni nzuri wapi?"

"Kila mahali kidogo. Kama mimi."

Binti yangu alicheka, lakini mimi niliogopa. Kutoka kwenye lami mpaka mjini ni mteremko mrefu, na malori yanateremka nyuma yako yakiwa yamejaa. Nikiwaza kuchagua tairi ya matope, niliona lori. Nikiwaza kuchagua ya lami, niliona kalvati. Nikiwaza kuchagua ile ya kati niliviona vyote viwili. Nilisema nitarudi, nikaondoka mikono mitupu.

Nilirudi siku ya pili na maswali mengine, nikaondoka tena. Nilipofika mara ya tatu, mama yule aliweka mikono kiunoni.

"Mzee, unanunua tairi ama unaposa?"

"Hata mama hakuposwa hivi," binti yangu akasema.

Nilicheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumtaja mke wangu kwa mzaha mbele yangu, na kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Kisha nikahisi baridi mgongoni, kama mtu aliyesahau mlango wazi.

Binti yangu alijiinua taratibu, akainama kadiri alivyoweza kusoma maandishi ya ubavuni mwa ile tairi ya kati. Yeye amesoma kuliko mimi. Aliona herufi M na S, na kando yake picha ndogo ya mlima.

"M ni matope, S ni snow, theluji," mama akasema. "Hiyo S tuwaachie wenyewe huko kwao. Sisi msimu ni vumbi na matope, basi."

Akatuonyesha pia tarakimu nne zinazosema wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, na akaniambia nichome mpira kwa ukucha niuhisi kama bado ni laini. Niliuchoma. Alipoleta nyingine tatu nilichoma zote nne, kila moja mahali pengi, mpaka binti yangu akaniambia, "Baba, zitatoboka." Kisha nikasema tuchukue hizo za kila msimu. Sikuwa na hakika. Nilizichukua kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia, na kwa sababu sikuweza kuvumilia siku nyingine ya kuchagua.

Zilipokuwa zinafungwa, mama yule alisimama kando yangu akipangusa mikono, akaendelea kuongea, kwa ukarimu tu.

"Usidhani tairi ndiyo kila kitu. Hii gari inasukumwa na miguu ya nyuma. Mvua ikinyesha, hakikisha nyuma kuna mzigo. Magunia matano, sita. Kuna watu wakiwa na haraka wanapakua gari ati iwe nyepesi. Hao ndio huvutwa na trekta."

"Wakipakua inakuwaje?" niliuliza.

"Nyuma inaelea. Tairi inazunguka tu, haina cha kuikandamiza chini. Hata ungeweka hizi za meno."

Siku ile ya mwezi wa tano, pikapu ilikuwa na magunia manane ya viazi, tayari kwa soko la kesho yake. Mke wangu alipoanza kuhema, niliyatoa yote manane peke yangu, nikayatupa kando ya lango, ili tuende mbio. Niliyatoa kwa dakika chache tu, na kumbukumbu ya nguvu zangu siku hiyo ndiyo kitu pekee nilichokuwa najisifia. Nilikuwa nikijiambia, angalau nilifanya nilichoweza.

Labda majirani waliosukuma walijua. Hakuna aliyeniambia, na sitawalaumu. Ungemwambiaje mtu jambo kama hilo siku ya mazishi?

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, kabla ya kuacha lami, nilisimamisha pikapu pembeni.

"Siku ya mama yako nilitoa magunia," nikasema.

Binti yangu alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Niliyaona pale langoni nilipokuja kuzika. Viazi vilikuwa vimeanza kuoza kwa mvua."

"Umesikia alichosema yule mama."

"Nimesikia."

Nilingoja. Nilitaka anikasirikie au aniambie si kosa langu, na niliogopa yote mawili sawasawa. Hakusema lolote kati ya hayo. Baadaye kidogo akasema, "Baba, nina haja ndogo, twende." Nikaondoa gari.

Siku iliyofuata nilijaza magunia sita udongo, nikayapanga juu ya ekseli ya nyuma na kuyafunga kwa kamba. Mama wa duka alikuwa amenionya kwamba tairi mpya huteleza siku za kwanza mpaka ngozi ya juu iishe, na jambo hilo lilininyima raha. Nilihesabu siku zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Kila asubuhi nilishuka na pikapu mpaka kwenye kalvati, nikapanda ule mwinuko, nikageuza, nikarudi. Jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Mzee, huo udongo unaupeleka wapi kila siku? Hata huku tuko nao!"

Sikumwambia. Mvua ya kwanza iliponyesha nilienda peke yangu, na pale juu ya kalvati mkia wa pikapu ulihama, ukaenda kushoto taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini. Ulisimama karibu kabisa na ukingo. Nilikaa humo nimeshika usukani, kisha nikairudisha taratibu mpaka katikati ya njia. Nyumbani binti yangu aliuliza njia ikoje. Nikasema ni sawa. Huo ndio uongo niliomwambia, na nauandika hapa ili usibaki kwangu peke yangu.

Uchungu ulimshika siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, wiki moja kabla ya siku alizopewa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilipokuwa namwingiza kwenye kiti cha mbele, yule jirani mwenye mzaha alikuja mbio na mkewe kutusaidia. Mke wake aliona magunia. Mama mwema, hakuuliza. Akaruka nyuma, akaanza kufungua kamba.

"Tutoe hizi, gari iwe nyepesi, mkimbie!"

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele mwanamke wa watu, lakini siku hiyo nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Shuka! Usiguse!" Alishuka akinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mume wake alitazama magunia, akanitazama mimi, akaelewa. Aliikaza kamba mwenyewe, bila neno, kisha akapiga ubavu wa pikapu kwa kiganja ili niende.

Niliteremka kwa gia ya kwanza. Binti yangu alikuwa ameshika mpini wa mlango, na kila mara uchungu ulipokuja alihema kwa mdomo, kwa sauti, na ile sauti ya kuhema ilikuwa sauti niliyoijua. Nilitaka kumwambia aheme kwa pua. Sikumtazama. Tulivuka kalvati. Kwenye mwinuko tairi zilizunguka bure mara moja, mara mbili, nikasikia matope yakipiga chini ya gari. Kisha zikashika. Pikapu ilipanda kama ng'ombe aliyechoka, lakini ilipanda.

Kwenye lami sikupata nafuu. Maji yalikuwa yanatiririka barabarani na malori yalinipigia honi nyuma, kwa sababu nilikuwa naenda polepole kama mkokoteni.

"Baba," binti yangu alisema uchungu ulipomwachia, "nikishuka nitembee nitafika kabla yako."

"Nyamaza, tafadhali."

"Mtoto ataendesha mwenyewe."

Hospitalini nesi alimpima, akatoka akivua glavu. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, na kulikuwa na foleni.

"Bado sana. Ndiyo anaanza tu. Mrudi nyumbani apumzike, mje jioni ama kesho."

"Haturudi," nikasema.

"Mzee, huyu ni mimba ya kwanza. Itachukua muda. Vitanda ni vichache."

"Haturudi kwa ile njia."

"Njia ina nini?"

Watu wote wa foleni walikuwa wanatutazama. Nilifikiria kusema gari limeharibika. Nilifikiria kusema mafuta yamekwisha. Nikasema, "Naogopa. Mama yake alifia kwenye hiyo njia nikiendesha mimi, na leo imenichukua nguvu zote kuipita mara moja. Mara ya pili siwezi."

Binti yangu aliinamisha kichwa. Kisha nesi alivuta daftari lake, akafungua ukurasa, akamuuliza binti yangu ana umri gani.

Alipewa kitanda saa nane mchana. Mimi nilikaa kwenye benchi mpaka giza, nikalala ndani ya pikapu, nikarudi kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Kesho yake saa tano asubuhi yule nesi alitoka akaniambia ni msichana, na kwamba mama anapumua vizuri. Sikujua kwa nini alichagua neno hilo. Labda huwaambia wote hivyo.

"Umeleta uji?" akauliza.

Sikuwa nimeleta uji, wala chupa ya kuutilia. Alinielekeza kwenye kibanda cha mama mmoja nje ya lango, upande wa pili wa barabara. Nilienda kwa miguu.