Mguu wa Fundi Twalibu

Twalibu bin Selemani alikuwa fundi cherehani wa Mtendeni, Tabora, na kama angebaki fundi cherehani tu, asingechekwa na mtu. Suruali zake zilikaa vizuri, kanzu zake hazikuvuta begani. Lakini Mungu alimpa na masikio ya muziki, na masikio hayo yakamponza.

Mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, mzungu mmoja wa reli alimpa kazi ya kushona kaptula sita. Mtaani walimwita Bwana Kaptula, maana hakuna aliyewahi kumwona katika vazi jingine. Zilipokuwa tayari, Twalibu alizipeleka mwenyewe, na mkewe Mwanahawa nyuma yake amebeba furushi. Sebuleni walikuta kitu kama meza nyembamba ya miguu minne, juu nyuzi kumi, chini makanyagio matatu. Bwana Kaptula akakaa, akatelezesha chuma juu ya nyuzi, akakanyaga. Ikatoka ile sauti ambayo Twalibu alikuwa akiisikia redioni tu, inayopanda na kushuka kama mtu anayetaka kulia akajizuia. Alisimama na kaptula mkononi mpaka wimbo ukaisha.

“Mwezi wa saba ninarudi kwetu,” alisema Bwana Kaptula. “Gitaa hili siuzi. Nitampa mtu atakayelipiga wimbo mmoja mpaka mwisho. Lakini usianzie hapa, fundi. Tengeneza dogo la kulaza mapajani, ulifundishe mkono kwanza. Miguu baadaye. Miguu ndiyo kazi.”

Twalibu alicheka kwa dharau. “Miguu, bwana? Miguu yangu ina miaka ishirini kwenye kanyagio! Sisi ukoo wetu ni wa miguu. Babu yangu alibeba mizigo toka hapa mpaka Bagamoyo, mara saba.”

Mwanahawa hakucheka. Alikuwa akiutazama mguu wa mzungu. Ulikanyaga, ukatulia. Uliinuka pale tu sauti ilipotakiwa kushuka, kisha ukatulia tena. Aliliona jambo hilo mara moja, na akalifunga moyoni kama anavyofunga hela kwenye pindo la kanga.

Sababu alikuwa nayo. Cherehani aliyoikalia Twalibu ilikuwa ya Mwanahawa. Baba yake, marehemu fundi Omari, alimfundisha kuiendesha tangu miguu yake haijafika chini vizuri. Alipoolewa, cherehani ilikuja naye, ikawekwa barazani, na bwana harusi akakalia kiti. Mwanamke wa heshima, walisema wakubwa wa mtaa, hakai barazani kushona suruali za wanaume huku wapita njia wakimtazama miguu. Kwa hiyo fundi mwenyewe akatiwa ndani adarizi kofia, na aliyejifunzia ukubwani akawekwa nje aitwe fundi. Miaka ishirini Mwanahawa aliisikia cherehani ya baba yake ikilia nyuma ya ukuta, na kwa mlio tu alijua pale uzi ulipolegea. Twalibu hakujua.

Basi Twalibu akaanza matayarisho. Akachukua ubao wa mninga, akaupigilia juu ya sanduku la chai, akafumua waya za breki ya baiskeli akapata nyuzi sita. Ekseli kuukuu ya baiskeli aliisugua mpaka ikang'aa, ndiyo ikawa chuma cha kutelezesha. Mahali pa kusimamisha chuma alipatia alama kwa chaki ya kukatia nguo. Luhende, balozi wa nyumba kumi, alipokuja kuuliza kama hicho si chombo cha kibepari, alijibiwa kwamba huko ndiko kujitegemea kwenyewe: mninga wa Tabora, waya wa Tabora. Balozi akaenda zake ameridhika. Alikuwa mtu wa kuridhika upesi.

Kama angelaza gitaa mapajani akapiga kama watu, yangekwisha. Lakini Twalibu aliona ni upuuzi kufundisha mkono peke yake wakati miguu ipo. Akaivua cherehani mkanda ili gurudumu la juu lisizunguke, akakaa kitini pake, gitaa mapajani, miguu kwenye kanyagio, akawa anapiga huku akichapa miguu, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Gitaa likawa linaruka mapajani kama mtoto mchanga anayebembelezwa na mlevi.

“Baba Maua,” Mwanahawa alimwambia siku moja, “cherehani inakwenda toka asubuhi na sijaona hata kitambaa cha leso.”

“Wewe huelewi mambo haya. Darizi kofia zako.”

Alidarizi. Neno alikuwa nalo, neno moja tu: kanyaga, tulia. Lilimfika kooni, na kila lilipomfika alisikia tena “wewe huelewi”, akalimeza. Na tuseme kweli, hakulimeza kwa uchungu peke yake. Alikitaka kile kiti.

Mkono wa Twalibu ulikuwa mzuri, hilo asinyimwe. Kufika mwezi wa tano wapita njia walisimama. Wenye harusi walikuja kumwomba, akawafukuza kama kuku. “Hiki ni kibao cha kujifunzia! Nisubirini nipate lenyewe.” Alikidharau kile chombo kilichokuwa kikimpa sifa, akaiabudu meza ya mzungu ambayo hajaigusa.

Ndipo akaja Pelagia, mkulima wa Kipalapala, kijiji cha jirani, ameshika gauni la komunyo ya kwanza ya bintiye. Mkono mmoja wa gauni ulifika kwenye kifundo, wa pili ukaishia kwenye kiwiko.

“Fundi,” alisema, “mwanangu mikono yake iko sawa, yote miwili. Nilisahau kukwambia?”

Majirani walicheka. Balozi Luhende naye alikuwa akipita, akasimama. Mwanahawa alitoka ndani, akalichukua gauni, akaligeuza mara moja tu.

“Baba Maua, unamwaibisha marehemu baba kwenye cherehani yake.”

Twalibu alipandwa na hasira mbele za watu. “Nisipolipiga gitaa lile mpaka mwisho, kiti hiki ukalie wewe! Na mimi nitadarizi kofia!”

“Balozi, umesikia?” aliuliza Mwanahawa, polepole.

“Nimesikia,” alisema Luhende.

Mwanahawa akaingia ndani na gauni, akalirekebisha kwa mkono. Tangu siku hiyo lile neno halikumpanda tena kooni.

Siku yenyewe ya kujaribiwa ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baada ya sala ya alasiri. Twalibu alivaa kanzu mpya, na nusu ya Mtendeni ilimfuata mpaka madirishani kwa Bwana Kaptula. Akakaa. Akatelezesha chuma, na mwanzo ule usiohitaji mguu ulitoka mtamu hata watoto wakanyamaza. Mwanahawa, mlangoni, aliona mabega ya mumewe yameshuka kwa raha. Kwa kitambo kidogo aliogopa atashinda. Kitambo kingine, Mungu amsamehe, alitaka ashinde.

Kisha mguu ukafika kwenye kanyagio.

Kisigino na vidole, kisigino na vidole. Sauti ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mbuzi wanne wanaochinjwa kwa kisu butu. “Kanyaga, tulia!” alipiga kelele Bwana Kaptula. Twalibu aliubana mguu kwa nguvu. Ukatulia kwa pumzi moja, ukaanza tena. Jasho likamtoka. Akainama mbele, mkono wa kushoto ukawa unasukuma chuma kama unasogeza kitambaa chini ya sindano, na mguu ukazidi mbio, unamaliza pindo la suruali ambayo haipo. Madirishani watu walishikana mabega wasianguke kwa kicheko. Bwana Kaptula aliweka kiganja juu ya nyuzi, kwa upole, akazinyamazisha. Wiki iliyofuata gitaa lilipigiliwa kwenye kasha likapanda treni kwenda Dar es Salaam.

Njiani kurudi, balozi Luhende hakukosa la kusema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ilimkaa Twalibu kama kaptula ya kupimiwa. Alipoondoka balozi, walibaki wawili.

“Mwanahawa,” alisema Twalibu, “wewe ulijua?”

“Nilijua.”

“Toka lini?”

“Toka siku ya kaptula.”

Alisimama katikati ya njia. “Mbona hukuniambia?”

“Lini uliniuliza?”

Twalibu alitafuta siku moja, katika miaka ishirini, aliyomuuliza mkewe jambo la ufundi. Aliendelea kutafuta mpaka wakafika nyumbani.

Jumatatu Mwanahawa aliurudisha mkanda, akatia mafuta, akakalia kiti cha baba yake barazani. Waliopita walimtazama miguu siku tatu. Siku ya nne walileta suruali. Twalibu alidarizi kofia moja, akajichoma vidole vitano, akaomba radhi. Mwanahawa alimwonyesha kwa kidevu lile sanduku la chai lenye ubao wa mninga, lililotupwa pembeni kama takataka.

Twalibu akalichukua, akaketi kwenye mkeka barazani, akalilaza mapajani. Halikuwa tena matayarisho ya kitu chochote, na ndiyo mara ya kwanza alilipiga kwa haki. Pelagia, aliyekuja na kitambaa kingine, alikaa chini kusikiliza na kumwomba aje apige kwenye harusi ya mdogo wake. Twalibu hakumfukuza.

Mwanahawa alitazama chini, tayari na neno la kumchoma. Mguu wa Twalibu, peku, ulikuwa ukichapa sakafu tupu, kisigino na vidole, haukanyagi kitu, haushoni kitu. Alitaka kumcheka. Kisha akaona mguu ule unakwenda sawasawa na wake kwenye kanyagio, na ule mshono mrefu chini ya sindano yake umenyooka kuliko wowote aliowahi kushona. Akalimeza neno lake, akaendelea kushona.