Mama Limi na Ng'ombe Asiyekuwepo

Mama mkwe wangu, Limi, hakujua kusoma, lakini ng'ombe wote wa mji wetu aliwajua kwa majina, na mama zao, na bibi zao. Nasema hivi ili mtu asidhani alizaliwa mjinga. Mimi nilimaliza darasa la nne nikiwa wa pili, ila kwa kukumbuka sikumfikia.

Mwaka 1974 tulihamishiwa kijiji kipya, upande wa Kishapu, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Hapo ndipo alipoanza kusahau. Chumvi mara mbili kwenye mboga. Kijiko kikipotea, ananitazama mimi.

"Mama Athanas, kijiko changu umekipeleka kwenu?"

"Mama, kwetu wana vijiko."

"Ndiyo wasemavyo wezi."

Nami nilimshuku. Nilidhani anajisahaulisha ili mwanawe, Nkwabi, anifukuze. Mtu asahau alichokula asubuhi, halafu ataje mahari yake yote ya miaka hamsini nyuma, dume kwa jike? Mganga wa zahanati alinieleza kwamba ubongo hubadilika tangu utotoni, na kwa wengine huugua uzeeni, ukashindwa kushika mapya huku ya kale bado yamo. Sikumwamini. Lakini nyumbani nilipofungua kihenge, nikakuta panya wamemaliza mtama wa juu, wa mwaka ule. Wa chini, mkongwe, mzima. Nikaamini. Kidogo tu.

Mara ndama wa jirani yetu Sikujua akafa. Na Sikujua alikuwa amemwona mama alfajiri, mara tatu, akipita nyuma ya zizi lake na kamba na kibuyu mkononi, macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe, maana kuni kwetu haba. Ya Sikujua nayo yalikuwa mekundu, lakini yeye bado alikuwa anazaa, nani angemwita mchawi?

Watu wakaacha kuniamkia kisimani. Siku moja, mchana kweupe, nikasikia panga linanolewa nyumba ya tatu, kwa Sikujua, na wakati wa kufyeka ulishapita. Mwaka uliotangulia, kikongwe wa kijiji cha jirani alikatwa. Nilijua linanolewa kwa ajili ya nani.

Alfajiri nikamfuata mama. Akavuka mto mkavu mpaka kwenye mahame yetu. Akachuchumaa palipokuwa zizi, akafunga kwa kamba miguu ya ng'ombe asiyekuwepo, akawa anakamua hewa ndani ya kibuyu.

Nikaenda kwa Sikujua. "Kesho twende ukauone huo uchawi."

"Unanitega, Mama Athanas?"

"Kama unaniogopa, njoo na panga lenu."

Alikuja nalo kweli, chini ya khanga. Tulipofika, mama alikuwa anakamua.

"Shikamoo, mama," Sikujua akasema.

Mama akacheka. "Paskazia! Tangu lini ukaniamkia shikamoo? Si tumechunga ndama pamoja, mimi na wewe?"

Paskazia, aliyefariki miaka kumi nyuma, alikuwa mama yake Sikujua, na hakuzaa mwingine.

"Kile kitoto chako chenye surua kimepata usingizi? Chukua, kipe maziwa yangali ya moto, kisije kikafa." Akamnyooshea kibuyu kitupu.

Nilimkazia macho Sikujua, nikitafuta ujanja. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa hewa ile. "Kimepona," akasema. "Ahsante." Alipoondoka alisahau panga chini. Nikalibeba mimi, na sijalirudisha hadi leo.

Jioni ile Sikujua alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akasema mbele ya wanaume kwamba ndama wake aliuawa na kupe, na anayetaka kumgusa Limi aanze kwake.

Asubuhi akaleta kibuyu cha maziwa, ya kweli, ili mama asiwe anarudi na kitupu. Nikamshukuru vizuri sana. Kisha nikampa paka kwanza. Paka alipoota jua mpaka saa sita, mzima, nikampelekea mama.

Akayanusa, akanitazama. "Wewe umeonja?"

Nikaonja. Nikaonja kila siku mpaka mwaka 1981, alipofia kitandani kwake.