Kigingi Alichokinyoosha Mzee Kamba

Kuna watu wanaozaliwa na sauti nzuri, na kuna wanaozaliwa na mkono wa kufuga. Mzee Kamba alizaliwa na jicho lisilovumilia kitu kilichopinda. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kijijini aliitwa Kamba, kwa sababu ya kamba yake ya katani yenye mafundo, na hakuna mche wala punje iliyoingia shambani mwake bila kupimwa nayo. Mahindi yake yalisimama kama askari kwenye gwaride, na mpita njia aliona haya kutembea ovyo kando yake.

Ugonjwa huo haukuishia shambani. Msibani alipanga viatu vya waombolezaji mlangoni, jozi kwa jozi. Nyumbani alisogeza vikombe mpaka mishikio yote ielekee upande mmoja.

"Siku nikifa, baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, "usije ukaniambia nisogee kidogo kushoto."

"Basi sogea mwenyewe mapema, usinipe kazi."

Walikuwa watu wa kucheka, lakini kwa jambo moja ukoo wao haukuwa na mzaha. Haukuwahi kula kisichokuwa chake. Marehemu baba yake Kamba alichimba kisima kwenye mteremko wa shamba, akakijengea kwa mawe, kisha akatangaza kwamba maji hayauzwi wala hayanyimwi mtu. Mpaka leo nusu ya kijiji inateka pale, na wanaoteka humtaja mzee yule kwa heri. Kamba alirithi shamba, kisima na jina hilo jema, na katika vitatu hivyo jina ndilo alilolilinda zaidi.

Shida yake ilikuwa mteremko. Kila mvua iliposhuka ilichukua udongo wake na kuupeleka kwa majirani bila kuombwa. Alimsihi bwana shamba aje ampimie mistari ya kupanda miti ya kushika udongo. Bwana shamba akasema kesho. Kesho hiyo ikazeeka, ikaota mvi.

Ndipo yeye na mkewe waliposafiri kwenda kumwona binti yao aliyejifungua. Waliporudi, Kamba hakuingia hata ndani. Kwenye mteremko kulikuwa na vigingi vipya vyeupe, kila kimoja na utepe mwekundu kichwani, vimeshuka toka juu hadi chini kwa unyoofu wa kumtoa mtu machozi.

"Mama watoto! Njoo uone! Bwana shamba amekuja!"

Mkewe aliinama akakitazama kimoja. "Hivi vina namba. Bwana shamba tangu lini anaandika namba?"

"Amesoma yule."

Hakungoja zaidi. Alinunua miche ya michungwa, akafunga kamba yake kigingi kwa kigingi, akapanda. Kazi ilimnyookea mpaka karibu na kisima, na hapo akakuta kasoro. Kigingi kimoja kilikuwa kimechepuka kabisa, kama mlevi aliyeacha njia. Akatabasamu kwa huruma. Binadamu huchoka, akasema moyoni, labda jua lilikuwa kali. Akaking'oa, akakishindilia kwenye mstari kando ya kuta za kisima, akafukia shimo la zamani na kulisawazisha lisionekane tena. Kisha akasimama mbali, jicho moja amelifumba, akaridhika.

Kesho yake asubuhi fundi baiskeli, jirani yake mwenye ulimi mrefu kuliko barabara, alikuja kuteka maji. Alipoiona miche akatua ndoo.

"Hongera, jirani. Wenzako wanaiota fidia, wewe umeipanda kabisa!"

"Fidia gani?"

"Usijifanye mgeni. Hivi ni vigingi vya kampuni ya gesi. Mtambo wa kuchimba utakaa nyuma ya kilima, na bomba litashuka hapa. Kila mti ulio njiani unalipiwa. Michungwa yako imeota haraka kweli!"

Akaondoka akicheka. Kamba alibaki amesimama kama kigingi cha ziada. Habari za gesi alizijua, nani hakuzijua? Lakini siku zote alisikia kwamba bomba litafuata barabara kuu. Sasa alielewa yote kwa mpigo. Waliopima walikuwa wamekwepa kisima kwa makusudi, naye kwa mikono yake amelielekeza bomba kwenye maji ya baba yake.

"Nitakirudisha kigingi sasa hivi," alimwambia mkewe.

"Utakirudisha wapi? Unakumbuka mahali penyewe?"

Hakukumbuka. Alikuwa amefukia vizuri mno.

"Halafu mtu akikuona unahamisha vigingi," mkewe akaendelea, "hapo ndipo utakuwa mwizi wa kweli. Mkutano wa kampuni na kijiji ni kesho kutwa. Kasemee pale."

"Nikisema nimekigusa, watasema nilipanda kwa ajili ya fidia. Watoto wetu wataitwa watoto wa mla fidia."

"Na usiposema, watachimba kisimani. Chagua, baba watoto. Miye nakwenda kupika."

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Watu wazima walikunja magoti kwenye madawati ya watoto. Kwa mazoea, Kamba alifika mapema, akanyoosha safu za madawati, kisha akaketi. Afisa ardhi wa kampuni, binti mchangamfu aliyevaa viatu vya shambani, alibandika ramani ukutani. Akaeleza kuwa kibali cha kuchimba hakitatolewa mpaka wenye mashamba wasikilizwe. Watu wakauliza juu ya vumbi la malori, juu ya harufu, juu ya nyumba zitakazopata nyufa. Zaidi ya yote wakauliza juu ya maji. Binti alijibu alichokijua, na asichokijua alisema hakijui, nao wakampenda kwa hilo.

Kisha akakunja uso. "Kuna jambo limetushangaza. Kwenye ramani njia inakizunguka kisima. Jana tulipokagua, vigingi vinapita kisimani penyewe. Tena kuna michungwa mipya. Kuna mtu amegusa vigingi."

Fundi baiskeli akakohoa kikohozi chenye maana. Kamba akamwona marehemu baba yake akiinama kisimani kupanga mawe, na miguu ikasimama yenyewe.

"Ni mimi, mwanangu. Nimekihamisha."

Minong'ono ikapanda kama maji yanayochemka.

"Kwa nini, mzee?"

"Kilikuwa kimepinda."

Fundi baiskeli, yeye yule, akaanguka juu ya dawati kwa kicheko.

"Jamani, ni kweli! Huyu mzee ni kweli! Msibani kwa mama yangu alipanga viatu vyetu mpaka nikashindwa kupata vyangu! Jirani, nisamehe, nilikudhania vibaya."

"Halafu mwizi gani wa fidia," akadakia mama mmoja nyuma, "anayejiharibia kisima chake mwenyewe?"

"Ngojeni, sijamaliza," akasema Kamba, na sauti yake sasa ilinyooka kama mistari yake. "Michungwa nitaing'oa kwa mikono yangu, na sitaki fidia hata ya jani moja. Ninachotaka ni hiki. Kabla mtambo haujaanza, maji ya kisima yapimwe, na majibu yabaki hapa kijijini, siyo kwenu tu. Wakati wa kuchimba yapimwe tena. Yakibadilika, mnasimama. Hilo liingie kwenye masharti ya kibali, au kibali kisubiri."

Darasa zima likaitikia. Binti akaandika, kisha akawasomea alichoandika. Kabla ya mvua kubwa, kibali kilitoka kikiwa na sharti hilo, na wataalamu wa maji wakaja na chupa zao. Kamba akawapangia chupa hizo kwa urefu.

Kigingi kilirudi mahali pake, kimechepuka vilevile. Michungwa nayo ilihamia kandokando ya kisima, mbali na njia ya bomba, na kwa kuwa kisima ni cha mviringo, ikabidi ipandwe kwa mviringo. Ndio mstari wa kwanza uliopinda katika maisha ya Mzee Kamba. Jioni ile aliutazama sana, kichwa amekiinamisha, mkono ukianza kuitafuta kamba.

"Baba watoto!" mkewe akaita toka jikoni. "Acha!"

"Nautazama tu."

"Utazame ukiwa umekaa."

Akaketi. Kiti kilikuwa kimekaa upande, lakini siku hiyo alikiacha hivyohivyo.