Mipira Miwili ya Daktari

Gerejini walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kusomea udaktari hata wa kuku. Jina lilitokana na mipira yake miwili ya kusikilizia, myembamba, yenye urefu wa mkono. Pikipiki za zamani zenye kabureta mbili zina kisirani chao. Kila kabureta inalisha upande wake wa injini, na moja ikivuta hewa nyingi kuliko mwenzake, upande mmoja unabeba mzigo wote na mwingine unapanda bure. Mafundi wengine hupima kwa geji. Wengine husikiliza kwa mpira mmoja, wakiuhamisha huku na huku. Yeye alichomeka mpira katika kila sikio, akapeleka ncha zake kwenye midomo ya kabureta zote mbili, akafumba macho, akazungusha skrubu mpaka mivumo ikalingana. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita. Wenye geji aliwacheka, na tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kuwacheka.

Sasa mwaka mzima injini zilikuwa zinamgomea. Pikipiki ya mkunga mstaafu, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa imesharudi mara mbili. Mara ya kwanza Daktari alilaumu petroli. Mara ya pili alilaumu raba za kabureta, akazibadilisha zote. Nyumbani mkewe alikuwa na lawama yake.

"Nimekuita mara nne huitiki."

"Unanong'ona, mama watoto."

"Nanong'ona? Mimi? Mama yako alikuwa ananisikia kutoka kisimani! Nenda kapime hilo sikio."

"Nikapime, halafu watu wasemeje?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Alijua mkewe alikuwa anasema kweli. Pale gerejini, upande wake wa kushoto palikuwa na karakana ya mpiga bati, na nyundo zile zilikuwa zimempigia sikioni miaka yote hiyo. Alijua, na hakutaka kujua. Aliogopa. Fundi wa kusikiliza asiyesikia ni nani?

Asubuhi moja mkunga akaikokota pikipiki mpaka mlangoni, jasho likimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa wako. Jana kanizimikia mlimani, lori nyuma yangu. Dereva kafunga breki tairi zikalia. Ningekuwa naongea na malaika saa hizi."

Daktari aliipokea, akaisimamisha kwenye stendi. Aliwasha injini, akachomeka mipira masikioni. Kama kawaida, kabureta ya kushoto ilivuma kwa mbali, kinyonge. Akaifungua kidogo. Injini ikatetemeka zaidi. Akaifungua tena, na bisibisi ikaanza kuruka mkononi. Mkunga hakuwa anaangalia injini. Alikuwa anamwangalia yeye.

"Hebu badilisha hiyo mipira," alisema kwa sauti kubwa. "Wa kushoto tia sikio la kulia, wa kulia tia la kushoto. Usiguse kitu kingine."

Nusura acheke. Mteja anamfundisha kazi! Lakini mama huyu alikuwa mtu mzima wa kumzaa, akatii.

Kabureta ya kushoto, ile nyonge, ikanguruma sikioni. Ya kulia ndiyo ikawa inanong'ona. Na skrubu hakuna aliyeigusa.

Alizima injini. Mwaka mzima alikuwa anafungua upande wa kushoto wa kila pikipiki iliyopita mikononi mwake, akiufuata udhaifu wa sikio lake mwenyewe. Akakaa juu ya tairi kuukuu. Mkunga alizunguka akaja upande wake wa kulia.

"Mimi nilikuwa nasikiliza mioyo ya watoto tumboni kwa ile pembe ya mbao," alisema. "Masikio yalipoanza kunitupa, nilinyamaza. Nikawa nawaambia akina mama watulie, wasiheme juu juu, kana kwamba kosa ni lao. Miezi mitano hivyo."

"Halafu?"

"Halafu siku moja nikamwambia mama mmoja, moyo unapiga vizuri. Na hapakuwa na moyo unaopiga."

Mpiga bati alikuwa amepumzisha nyundo. Daktari aliona haya kumtazama yule mama usoni.

Alichukua mpira mmoja tu, akauweka sikio la kulia, akaanza upya kama mwanagenzi, akiuhamisha kabureta hii na ile.

"Daktari, leo umerudi darasa la kwanza?" mpiga bati alimtania. Aliendelea kuzungusha skrubu. Baada ya nusu saa injini ilikuwa inanguruma sawasawa, imetulia. Na hapo shetani akampitia: kumbe inawezekana. Mpira mmoja, sikio moja, hakuna atakayejua. Angeendelea hivi hivi, na jina lake likabaki.

Mkunga alipanda pikipiki yake. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Za namna hii ziko ngapi barabarani?"

Alizihesabu kichwani. Kumi na moja. Mkunga hakusubiri jibu, aliondoka.

Ya kwanza ilikuwa ya seremala, anayempeleka binti yake shule kila siku, mtoto kamkumbatia kiunoni. Daktari alisimama na simu mkononi mpaka kioo kikazimika. Akakiwasha tena, akapiga moyo konde, akapiga.

"Daktari! Mashine yako inapaa tu!"

"Haipai. Irudishe leo, na usimpakie mtoto. Niliirekebisha vibaya. Sikio langu la kushoto halisikii, huu mwaka sasa."

Seremala aliangua kicheko. "Daktari kiziwi! Hiyo kali! Leo umeamua kunivunja mbavu."

Alimwacha acheke mpaka amalize. Kisha akayarudia maneno yale yale, polepole, mpaka upande wa pili pakawa kimya. Zilikuwa zimebaki simu kumi.