Picha Ile Ile Kila Jumatano

Wajukuu zangu wana ugonjwa wa kulalamika. Wanakaa mbele ya televisheni, wanamaliza karanga zangu, halafu wanasema picha za siku hizi hazina kitu. Eti zile kubwa zilizotangazwa kila mahali ndizo mbaya kuliko zote, hadithi ni ile ile, limebadilishwa jina tu. Wanasema kwa sauti ya watu waliogundua jambo. Mimi nawaacha. Siwaambii kwamba picha zilishachuja zamani, Tabora, mama zao hawajazaliwa, na kwamba kuchuja kwake nusura kunivunjie ndoa.

Nilikuwa mkazamwana katika nyumba moja ya mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora. Kwetu ni upande wa Nzega, kwa wakulima wa pamba, nikaolewa mjini na kijana wa reli aliyekuwa kwenye genge la kutengeneza njia kule Tura. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akala, akalala, akarudi kazini. Siku zilizobaki nilikuwa na mama yake. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa mji hasa. Babu yake alibeba mizigo ya misafara kutoka pwani hadi Ujiji, na yeye alilitaja jambo hilo kama wengine wanavyotaja usultani. Katika nyumba yake mke wa mtu hatoki ovyo. Nilitoka kwenda kwenye foleni ya unga wa yanga, ule wa njano tuliokula miaka ile, na nikichelewa niliulizwa foleni ilikuwa ndefu kiasi gani na mbele yangu alikuwa nani.

Ila Jumatano. Jumatano alasiri jumba la sinema lilikuwa la wanawake watupu. Mwenye jumba, mzee wa Kihindi aliyekuwa pia na duka la vitambaa, alipanga hivyo tangu kabla ya Uhuru, na siku hiyo hakuvuka mlango mwanamume yeyote ila yeye na fundi wa mashine. Walikuja wanawake wa Kihindi na wa Kiarabu, walikuja wa kwetu, na watoto mgongoni, na kashata, na mihogo ya kukaanga. Taa zikizimwa mabaibui yalishushwa mabegani, vicheko vikafunguka. Adui akitokea kwenye kitambaa cheupe cha picha alitukanwa kwa Kinyamwezi, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili kisichofaa kuandikwa. Mimi, niliyekuwa sisemi neno nyumbani mpaka niulizwe, nilipiga kelele humo ndani hadi sauti ikakauka. Nisiseme uongo: nilikuwa naishi siku moja kwa wiki.

Ruhusa ile sikuipata kwa wema wa mama mkwe, niliipata kwa miguu yake. Zamani alikuwa hakosi Jumatano hata moja. Miguu ilipoanza kuvimba, akashindwa kufika hata barazani, aliniita akasema, "Nenda ukanionee." Basi nikawa macho yake. Nikirudi napika, naosha vyombo, kisha nakaa chini kwenye mkeka, nauweka mguu wake mapajani, naukanda kwa mafuta ya nazi huku nasimulia. Kwanza nani alikuwa stelingi, yaani shujaa wa picha. Kisha mama wa stelingi alipatwa na nini. Kisha wimbo. Wimbo ilibidi niulete, hata kwa kuunguruma tu bila maneno, maana yeye alisema picha bila wimbo ni taarifa ya habari. Alifumba macho akasikiliza. Akifurahi aliuacha mguu wake, ambao sasa niliuona kama wangu, ukalegea mikononi mwangu. Mahali pa kulia alilia kweli. Nikimaliza alisema, "Jumatano ijayo usichelewe kutoka."

Mwaka wa kwanza tuliishi hivyo, na ninathubutu kusema tulipendana.

Halafu picha zikaanza kujirudia. Mzee wa Kihindi alikuwa akitueleza mlangoni, mikono kifuani, kwamba yeye hana la kufanya: fedha za kigeni hakuna, picha mpya haziingii, na hata hizo chache zinazoingia zinakaa Dar es Salaam mpaka zichakae ndipo zipandishwe treni. Nilimwonea huruma, lakini ukweli ni kwamba hata zile mpya hazikuwa mpya. Mwanamke ana watoto wawili. Mmoja anapotea gulioni. Mama anateseka. Mtoto anakua anakuwa jambazi, ndugu yake anakuwa askari, wanapigana kwenye mvua, shati linachanika, alama begani, "Ndugu yangu!" Mwezi huu mama anauza bangili. Mwezi ujao ni mama yule yule, kwa sura tu si yeye, anauza maziwa. Nyimbo nazo zilifanana, nikiunguruma ya leo inaingia ya wiki iliyopita. Na kabla ya hayo yote ilibidi tuwaangalie, katika picha fupi ya serikali, wakulima wakipalilia pamba na kiongozi akiwapungia mkono, kana kwamba mimi nilitoka Nzega nije kutazama palizi.

Niliyasimulia hayo nyumbani kama nilivyoyaona. Sikujua namna nyingine ya kusimulia.

Siku ya kwanza mama mkwe alifumbua macho akasema, "Hiyo ulishanisimulia."

"Hapana, mama. Ile ilikuwa ya bangili. Hii ya maziwa."

Alicheka. Wiki iliyofuata hakucheka. Wiki nyingine aliuondoa mguu mapajani mwangu, taratibu, akaufunika kwa khanga.

Sikuelewa mara moja, nilidhani anaumwa. Nilielewa aliponiuliza, huku akitazama ukutani, siku hizi nikienda sinema napitia njia gani. Alikuwa anahesabu vizuri sana yule mama. Mkazamwana anavaa baibui lake zuri kila Jumatano, anapotea alasiri nzima, anarudi na hadithi ile ile yenye mama mwingine. Mtu aliyekuwa sinema angerudi na picha mpya. Mtu aliyekuwa kwingine ndiye anayerudi na picha ya zamani aliyoibadilisha nguo.

Utasema, si angeuliza majirani? Asingeuliza. Kumuuliza jirani kama mke wa mwanao alionekana sinema ni kumwambia jirani kwamba una mashaka naye, na kufika magharibi Ng'ambo nzima ingekuwa inajua. Afadhali afe na mashaka yake chumbani. Nami sikuweza kumleta shahidi kwa sababu hiyo hiyo, ningekuwa nimeianika nyumba. Nilifikiria kutunga. Nililala nikipanga picha yangu mwenyewe, isiyo na gulio wala alama begani. Lakini wanawake waliotoka sinema walipita chini ya dirisha letu wakiimba wimbo wa siku hiyo, na mama mkwe alikuwa na masikio ya paka. Uongo wangu usingefika jioni, na kuujua wimbo hakukunisaidia, maana hata mpita njia angeuokota.

Nikifukuzwa ningekwenda wapi? Watu wa kwetu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba ya baba imeezuliwa, yeye na mama wanaishi kwenye kibanda cha nyasi katika mstari wa vibanda, wakingoja kujenga. Baba alitoa neno lake mbele za watu kwamba amewapa watu wa Tabora binti mwenye adabu. Nirudi na fununu ya bwana wa nje? Niingie kibanda gani?

Kisha ikaja Jumatano ya mikebe.

Picha zilikuja kwa treni, zimekatwa vipande, kila kipande mkebe wake. Na Tabora ndipo reli inapogawanyika, mizigo ya Mwanza huku, ya Kigoma huku. Siku hiyo mikebe ilichanganyika stesheni. Nusu ya kwanza tulimwona mwanamke mwembamba mwenye kipini, amefiwa na mume, analia na watoto wawili. Ikaja mapumziko. Taa zilipozimwa tena, mwanamke alikuwa mwingine, mnene, hana kipini, na stelingi alikuwa na masharubu ambayo hakuwa nayo. Ilikuwa picha nyingine kabisa. Nikageuka kuona nani atapiga kelele. Hakuna. Mtoto alikuwa amepotea upande ule, akapatikana upande huu, basi. Nyuma yangu mama mmoja alimwuliza mwenzake, "Huyu ndiye yule?" Mwenzake akajibu huku anatafuna, "Ndiye. Kanenepa."

Waliimba wimbo wa mwisho, wakaenda zao. Mimi nilibaki kwenye kiti nikilia, na haikuwa kwa ajili ya picha.

Nyumbani nilisema kweli. Nilisema, mama, leo ilianza na mmoja ikaisha na mwingine, na hakuna aliyejua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Njia ya mwongo fupi, binti. Wewe yako imekwisha." Hakuniita tena mwanangu, aliniita binti. Asubuhi alimwita kijana wa stesheni, akampa salamu za kufikisha Tura kwa mwanawe: mama yako anaumwa, njoo.

Mume wangu alikuja na treni iliyofuata. Aliyasikia yote kwa mama yake, mlango umefungwa, mimi nikiwa uani na sufuria mkononi nikisikia sauti tu. Alipotoka alinitazama kama mtu anayetazama reli iliyopinda, anajiuliza pa kuanzia. Hakunipiga. Aliniuliza, "Unakwenda sinema au huendi?"

"Nakwenda."

"Basi Jumatano mama atakwenda na wewe."

Tulimpakia kwenye baiskeli, mto chini yake, miguu imefungwa vitambaa, mume wangu anasukuma, mimi nimeshika nyuma. Njia nzima aliitikia shikamoo za watu, marahaba, marahaba, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyouona kwa muda mrefu. Alikuwa amevaa khanga mpya aliyoitunza sandukuni. Nilimwona, moyo ukaniuma. Mzee wa Kihindi alipomwona alisimama akasema, "Mama! Umetupotea," akamtafutia kiti mwenyewe. Mume wangu alibaki nje na baiskeli.

Nilikaa karibu yake gizani nikiomba dua, na dua hiyo sijawahi kuisema kwa mtu. Niliomba picha iwe mbaya. Niliomba gulio, niliomba alama begani, niliomba mvua. Wakati huo huo, kwa moyo ule ule, niliomba iwe nzuri, nzuri kama zile zake za zamani, maana nilijua kilichomtoa kitandani siku ile si kuja kunikamata peke yake. Mungu hawezi kuzijibu dua mbili za namna hiyo, alichagua ya kwanza.

Mama wa kwenye picha alitokea. Huyu aliuza maua. Mama mkwe alinishika mkono, akafurahia mwanga, rangi, wimbo wa kwanza. Gulio lilipotokea mkono wake ulitulia. Akasema, si kwa kuninong'oneza bali wazi, "Sasa mtoto anapotea." Mtoto akapotea. "Sasa mwingine atakuwa askari." Akawa askari. Mama mmoja mbele yetu aligeuka akasema, "Bibi, usitumalizie picha."

"Imekwisha zamani, mwanangu," alijibu.

Mkanda ukakatika, kama ulivyokatika kila wiki, taa zikawashwa. Ndipo akageuka akalitazama jumba. Viti vingi vilikuwa vitupu. Wawili watatu walikuwa wanasukana nywele. Mmoja alichambua mchele kwenye ungo. Wengine walikuwa wanazungumza migongo ikiwa kwenye kitambaa, na hakuna aliyeuliza picha itarudi lini. Mimi nilikuwa nimezoea, ila sikuwahi kumsimulia hayo, hakuniuliza. Picha iliporudi hakuinua macho.

Nje mume wangu alisimama haraka. "Vipi, mama?"

"Mkeo hana kosa," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Ni hivyo hivyo alivyokuwa akisema."

Niliinama nikamshika miguu nikilia, nikisema asante, mama, asante. Aliniwekea mkono kichwani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, mume wangu asisikie, "Afadhali ungekuwa na bwana."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye. "Ningekasirika," alisema, "ningekufukuza, yakaisha. Lakini picha nzuri zingekuwa bado zipo."

Njia ya kurudi hakuitikia salamu. Alisema mara moja tu, kwa mwanawe, kwamba babu yake alikuwa akiingia Tabora na msafara mji mzima ukimkimbilia, maana hakuna aliyejua amebeba nini. Mume wangu alisema, ndiyo, mama, akaendelea kusukuma.

Wiki iliyofuata nilipika mapema. Nilioga, nikavaa baibui, nikaenda chumbani kwake kuaga kama kawaida. Nilikuwa msafi mbele ya mume wangu na mbele ya mama yake, na niliingia bila hofu kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Mama, natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Sinema, mama. Kukuonea."

"Ya nini?" alisema. "Si nimeshaiona?"

Nilisimama pale mlangoni nikingoja aseme neno lingine. Nikalivua baibui, nikalikunja, nikaenda kuleta mafuta ya nazi nimkande miguu. Nilimkanda kimya Jumatano ile, na Jumatano zote zilizobaki hadi tulipomzika.