Mfungo wa Mama Kabla ya Picha

Mama yangu alipopatikana na limfoma, saratani ya chembe za kinga, mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa nimesomea kitu kingine. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe katika saiba moja ya Ngara, karibu na kibanda alichouzia vitambaa, na huko ndiko nilikokimbilia. Saratani yake ilikuwa ya aina adimu. Ilianzia kwenye tezi za adrenali, zile mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Nilitaka kujua jambo moja tu: kwa nini mwingine anapona na mwingine haponi.

Nilisoma hadi macho yakawasha. Umri. Upande mmoja au pande zote mbili. Nguvu za mgonjwa anapoanza dawa. Mama alikuwa amepita miaka sitini, na uvimbe ulikuwa pande zote mbili. Mimi ni mtu wa kurudia kufua shati kwa sababu ya doa ambalo hakuna mwingine analiona, kwa hiyo unaweza kufikiria kichwa changu kilikuwaje. Lakini jambo moja lilikuwa bado halijaamuliwa: uvimbe ukinywea mapema, matumaini huongezeka. Daktari wetu wa Hurlingham alikubali.

"Baada ya dripu ya tatu ya dawa ya saratani tutapiga picha," alisema. "Hiyo itatuambia mengi."

Kusema kweli, sikuogopa tu. Nilisisimka kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani aliousomea sana.

Wiki ya picha, akina mama wa kanisa walikuja kwetu Kangemi kwa maombi ya kufunga. Niliporudi kutoka dukani nilimkuta mama katikati yao, midomo imekauka, jasho baridi usoni.

"Mama, umemeza tembe za asubuhi?"

"Si zinamezwa baada ya chakula? Na mimi nimefunga."

Tezi zake zilikuwa zimeshindwa kutengeneza homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na tembe zile ndizo zilizoshika nafasi yake. Nikakatiza maombi, mimi ambaye hata matangazo ya kanisa sijawahi kuthubutu kusoma mbele ya watu.

"Wewe msichana, ngoja tuseme amina," mmoja akanikemea.

"Semeni tu, akina mama. Lakini yeye anywe uji sasa hivi."

"Huyu ameokoka kwa kompyuta," mwingine akasema, wakacheka.

Kiongozi wao hakucheka. Alimgusa mama paji la uso. "Nani alimwambia mgonjwa afunge? Leta uji. Kufunga tutafunga sisi."

"Sasa mnaninyang'anya mfungo wangu," mama akanung'unika. Lakini alikunywa, akameza tembe. Nilimpigia daktari simu, akasema tuende papo hapo. Alimchoma sindano na kumwekea maji ya mshipa. Mama alipoanza kulalamika kwamba maji yenyewe ni baridi, nilijua amerudi.

Siku ya majibu, daktari alibandika picha kwenye taa, akaikagua upande mmoja, kisha wa pili.

"Uvimbe wa kulia siuoni tena," alisema. "Wa kushoto umebaki mdogo kama njugu."

"Kwa hiyo ataishi muda gani?"

Akatikisa kichwa. "Hapo sitakudanganya. Dripu bado zipo, na ugonjwa huu unaweza kurudi. Lakini mwili wake umeikubali dawa, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta."

Mimi nilitaka namba. Siku zote nataka namba. Ila machozi ya furaha yalinizuia kuona hata nikashindwa kurudisha picha kwenye bahasha yake. Mama akaninyang'anya.

"Lete, utaikunja. Na uache kulia mbele ya daktari. Twende, nina njaa."

Neno hilo hakuwa amelitamka tangu augue. Tuliingia mkahawa wa kwanza tuliouona, akaagiza chapati na maharagwe. Alipomaliza zake, akavuta sahani yangu bila kuniomba, nami nikaisogeza karibu naye zaidi.