Mstaarabu na Neno Lake Moja

Mbwa yule aliitwa Mstaarabu, na jina lenyewe lilikuwa kichekesho tosha. Alilipata siku mteja mmoja alipomleta dukani, mdogo kama kiatu, akasema, "Fundi, nishikie dakika mbili tu." Kitoto kikajilaza ndani ya boksi la kufuli, hakina kelele, hakina fujo. Dakika mbili zile sasa zina miaka minne. Mteja hajaonekana, na kiatu kimekuwa jibwa la kilo thelathini na tano ambalo likiona mbwa mwenzake linawaka kama petroli.

Fundi mwenyewe, mchonga funguo, mtaa mzima ulimwita Kufuli, na si kwa sababu ya kazi yake tu. Mdomo wake ulifungwa zamani, ufunguo ukapotea. Ukimpelekea kazi, atautazama ufunguo wako juu ya miwani, ataubana kwenye mashine, ataupitisha tupa mara tatu, atapuliza vumbi la shaba, atakukabidhi. Ukimsalimia anatikisa kichwa. Ukimshukuru anatikisa vilevile, ila polepole kidogo. Maneno yote ya ukoo alirithi dada yake mkubwa, aliyekaa naye vyumba viwili ghorofa ya tatu, mwanamke ambaye simu yake ilikuwa inapata moto kuliko pasi.

Tuwe wakweli, Mstaarabu hakuzaliwa na roho mbaya. Akiwa na miezi sita, jibwa moja lilimrarua sikio kwenye bustani ya mtaa, anakopelekwa kukimbia, na tangu siku hiyo akajiwekea sera: wahi kabla hujawahiwa. Na watu hana ugomvi. Watoto wanamvuta mkia naye anapiga miayo. Lakini apite mbwa! Manyoya ya mgongo yanasimama kama brashi, macho yanaganda, halafu Kufuli anaburutwa kwenye nyasi, miwani huku, kiatu kule, heshima haijulikani ilipo.

Baada ya mbwa wa pili kukimbizwa hadi juu ya benchi, pamoja na mwenye mbwa, msimamizi wa bustani alifungua daftari lake. Huyu alikuwa mtu wa filimbi na daftari. Hata jani likidondoka, anaandika.

"Fundi, hili ni onyo la pili, na kwangu la tatu halipo. Nakupa mwezi mmoja. Jumamosi ya mwisho, saa mbili asubuhi, utamzungusha bustani nzima mbele yangu, na mbwa wengine wakiwepo. Akimrukia hata mmoja, geti hili mlisahau."

Nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi.

"Nisikilize, mdogo wangu," Dada alisema. "Sisi hatuna uwanja. Mbwa huyu asipokimbia kule, anamalizia hasira kwenye viti vyangu. Kimoja kimeshabaki na mkono mmoja kama askari mstaafu. Akifukuzwa bustanini, anaenda kwa binamu yetu, akafungwe mnyororo alinde magunia ghalani. Nimemaliza."

Kesho yake dukani Kufuli alichonga ufunguo kinyumenyume, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu aanze kazi, na Mstaarabu alikuwa amelala juu ya miguu yake kama kawaida, hana habari.

Akaenda kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa binti wa juzi tu, lakini alimsoma mzee kama bango.

"Baba, ukiona mbwa mwingine unavuta kamba, eti?"

Kufuli akatikisa kichwa: ndiyo.

"Ndiyo unamharibu. Kamba ikikaza, yeye anasema, 'Kumbe hata mzee kaogopa! Ngoja nipigane.' Mlegezee. Mvalishe kikapu cha mdomo, hiki chenye matundu, nyama inapita lakini meno hayapiti. Simama mbali, pale anapomwona mwenzake na bado ana akili zake. Hapohapo sema neno moja. Akikugeukia tu, nyama! Kila siku sogea hatua chache."

"Neno gani?" Kufuli akauliza. Maneno mawili mfululizo. Siku hiyo alikuwa na hali mbaya kweli.

"Lolote fupi. Muhimu lisiwe la kusikika ovyo nyumbani."

Njia nzima Kufuli aliwaza. Kwa mtu anayetumia maneno kumi na moja kwa siku, kila neno ni adimu. Akachagua moja fupi, zito, la kufunga shughuli. Akachagua "Basi."

Jamani! Mtu anaishi na dada yule, anachagua "basi"!

Siku nne za mwanzo mambo yalikwenda kama siagi. "Basi," kichwa kinageuka, nyama. "Basi," kichwa, nyama. Siku ya tano Dada akapigiwa simu na shoga yake.

"Basi mwenzangu, nikafika pale mlangoni. Basi nikabisha. Basi nani akafungua? Yeye mwenyewe! Basi nikasema basi, leo ni leo..."

Mstaarabu akaruka kutoka usingizini, akakaa mbele ya Dada, akimtazama kama mtazamaji wa fainali, mate yanadondoka kwenye zulia. Na Kufuli, mtu wa haki, aliyeamini ahadi ni deni hata kwa mbwa, akawa anaingia na sahani: kipande, kipande, kipande, vipande viwili. Wiki ilipoisha Mstaarabu alikuwa amenenepa shingo, Dada anajisifu kuwa mbwa hatimaye ameona thamani yake, na bustanini neno lilikuwa limechuja kama chai ya tatu.

Daktari aliposikia alicheka mpaka akashikilia mzani.

"Baba! Katika maneno yote ya Kiswahili!"

"Nibadilishe?"

"Ameshalishika, utamchanganya. Neno liache. Badilisha dada."

Dada akaapishwa jikoni, mkono juu ya kiti cha mkono mmoja: wiki tatu bila "basi." Alihangaika, maskini. Alijaribu "haya," alijaribu "kwa hiyo," alijaribu kukohoa. Alilalamika kwamba kusimulia umbea bila neno lile ni kutembea na kiatu kimoja. Lakini alishika. Na bustanini hatua sitini zikawa arobaini, zikawa ishirini, zikawa kumi.

Jumamosi ya mtihani Kufuli aliamka na mafua. Akafungua mdomo kumwita mbwa. Ikatoka pumzi tu, kama tairi linalotolewa upepo.

"Wewe!" Dada akashika kiuno. "Maneno kumi na moja kwa siku, na bado sauti imekuishia? Unaitumia wapi?"

Akamfuata bustanini, kwa huruma na kwa udaku, vyote kwa kipimo sawa. Kumsihi msimamizi aahirishe hakukusaidia. Saa mbili ni saa mbili. Dada akaketi benchini, simu ikaita, akapokea.

Kufuli akaanza mzunguko, kamba legevu, moyo umekaza. Mbwa wa kwanza akapita mbali. Wa pili naye salama. Ndipo akatokea mama mmoja wa mtaani, daktari wa meno, na Pamba wake. Pamba ni kile kimbwa cheupe cha kukaa mfukoni, chenye mdomo wa kujaza uwanja. Kikamwona Mstaarabu, kikachomoa kichwa kwenye mkanda, kikaja mbio kikibweka matusi.

"Pamba! Rudi, mwanangu, utaliwa!" mama wa meno akapiga kelele.

Mstaarabu akaganda. Brashi ikasimama mgongoni. Kufuli akafungua mdomo.

"Hhhhh," akasema.

Msimamizi akainua kalamu. Na kule benchini Dada, hadithi ilikuwa imefika patamu, kiapo kikamtoka kichwani.

"...Basi nikamwambia, kama wewe ni mwanaume, toka nje!"

Kichwa cha Mstaarabu kikageuka. Kufuli akapenyeza nyama kikapuni haraka kuliko mwizi, huku mkono mwingine akimpungia dada yake kwa nguvu.

Dada akaziba mdomo. "Yalaa! Nisamehe, mdogo wangu, limeniponyoka! Sirudii tena!"

Kichwa kikarudi kwa Pamba, aliyekuwa sasa hatua tatu. Kufuli akapunga kama mtu anayezama. Akaelekeza kidole kwa dada, kwa mbwa, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nini? Ninyamaze? Nimenyamaza! Niongee? ...Unataka niseme *basi?*"

Nyama. Dada akaelewa. Tabasamu likamjaa uso. Wiki tatu za maneno zilikuwa zimelundikana kifuani. Akainuka, simu sikioni, akawafuata nyuma kama redio yenye miguu.

"Basi shoga, akatoka! Basi kumbe yuko na kandambili! Basi mimi nani nisicheke!"

Wakamzunguka Pamba, wakapita kwenye maua, wakapita mbwa wa nne na wa tano, Mstaarabu akitembea kichwa upande kama bwana harusi. Hakuruka. Hakunguruma. Mama wa meno alimfikia Pamba, akambeba kifuani, wote wawili midomo wazi.

Msimamizi alishindwa kupata kosa lenye jina. Akatafuta kwenye kanuni kama kuna kipengele cha umbea, hakuna. Akagonga muhuri.

"Mbwa amefaulu," akasema, akifunga daftari. "Basi, nendeni."

Mstaarabu akakaa mbele yake, akamtazama mfukoni, mate yakianza kudondoka juu ya kiatu kilichong'arishwa.

"Fundi, anataka nini huyu?"

Kufuli akatoa kipande cha mwisho, akakiweka kwenye kiganja cha msimamizi, akakifunga vidole vizuri, kama anavyokabidhi ufunguo.